Soketi ya Bi Mkubwa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe uzigawe humo nyumbani, fungu kubwa limwendee shemeji. Ni matumaini yangu kwamba mmeamka salama na kwamba goti lako limepunguza ugomvi tangu baridi ipungue. Ukiuliza hali yangu, mimi sasa ni taa iliyokwisha mafuta. Kinachowaka ni utambi. Mara ya mwisho nilipomwuliza daktari nirudi lini, alimtazama binti yangu badala ya kunitazama mimi. Nimesoma vya kutosha kuelewa jibu la namna hiyo.

Barua yako nimeipata. Unasema utakuja kukaa nami mpaka siku zangu zitimie, uniogeshe na kunigeuza kitandani, kwa kuwa kuna mambo ambayo mzee hawezi kumwachia binti yake. Nilifurahi, nakiri. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba ni afadhali mikono yako ipate kazi, maana haijawa na kazi ya maana tangu ilipomuua mtoto. Umeliandika jambo hilo bila uchungu, kama mtu anavyotaja kabila lake au urefu wake. Ndilo lililonitoa kitandani. Nimeketi kwenye chumba cha nyuma, mezani, mto mmoja mgongoni na mwingine ubavuni ili nisiegemee upande. Herufi zitayumba, univumilie.

Kabla hujafunga mzigo, soma barua hii mpaka mwisho. Ukiamua kuja, uje ukijua ni nani unayekuja kumwogesha. Mengi nitakayoandika unayajua kunishinda, lakini niache niyapange tangu mwanzo, ili hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga karakana ayaelewe.

Wakati ule mimi nilikuwa msimamizi wa shamba na wewe ulikuwa fundi wake wa umeme wa magari. Trekta letu tulikuwa tukiliita Bi Mkubwa, kwa sababu lilikuwa zee, lina kelele, na halikubali kuharakishwa na mtu. Kiti chake kilikuwa kimechanika, sponji lote nje, kikinywa umande usiku kucha. Breki ya mkono ilikuwa jina tu. Ndiyo maana madereva walipoliegesha pale kwenye mteremko, mbele ya ghala la dizeli, waliliacha ndani ya gia ili lisiteleze. Na asubuhi hakuna aliyekubali kukalia sponji lililolowa. Dereva alisimama chini, kando ya gurudumu kubwa la nyuma, akapenyeza mkono na kuzungusha ufunguo.

Mtu wa nje angeona huo ni wazimu, lakini walikuwa na utaratibu wao. Trekta likiwa ndani ya gia, swichi ya gia ilikata umeme usifike kwenye starta, na Bi Mkubwa hakutoa hata kikohozi. Ukimya huo ndio uliomwambia dereva kwamba gia haijatolewa. Alisukumia jiwe chini ya gurudumu kwa mguu, akaitoa kwa mkono uleule, akazungusha ufunguo tena, mashine ikawaka, naye akaiacha ipate joto. Niliwahi kubandika tangazo la kukataza mchezo huo. Mtu akaandika chini yake kwa makaa kwamba msimamizi alete kiti kwanza. Nikacheka, nikaliacha lining'inie. Nilijua kwamba maadamu swichi inafanya kazi, ukimya ule ni breki tosha.

Aliyekuwa hodari wa utaratibu huo ni mwanao, ambaye kwa hesabu za kwetu ni mwanangu pia. Walimwita Haraka kwa sababu hakuwahi kuharakia kitu tangu azaliwe; shemeji mwenyewe alisema alichelewa hata kulia. Alikuwa akiwasha trekta, kisha anasimama palepale kando ya gurudumu na kikombe chake cha chai, akisubiri injini ipate joto. Vijana walipomtania kwamba jua litamzamia kabla hajapanda, aliwajibu kwamba Bi Mkubwa akikunyamazia ujue hujamwamkia vizuri, na heshima haina saa. Lakini matuta yake yalikuwa yamenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Mwaka ule mvua zilipoanza kunukia, soketi iliyounganisha nyaya za swichi ya gia na za starta iliyeyuka. Uliniletea ofisini ukiwa umeifunga kwenye kitambaa, kama mtu anayemwonyesha daktari jino lililong'oka. Ukanionyesha matundu yake sita na ulimi wake wa kujifungia, ukasema kwamba nitafute iliyo hivihivi, nisikuletee ndugu yake wala binamu yake. Nilikuuliza kwa nini usikate nyaya na kuzisokota pamoja, tukaendelea na kazi. Ulisema hiyo ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa, lakini huifanyi. Maneno yako nayakumbuka yalivyo:

"Kaka, hii swichi ndiyo inayowalinda hawa watoto. Siwezi kuiziba mdomo."

Siku ya pili mwenye shamba alikuja. Alisimama pembeni ya ardhi ambayo haijaguswa, akatazama ng'ambo kwa jirani ambako mbegu zilikuwa tayari zimo chini, akasema kwamba msimamizi anayeshindwa na kiplastiki cha ukubwa wa kiberiti huenda anastahili shamba la ukubwa wa kiberiti. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nyumba tuliyokuwa tukikaa ilikuwa ya kazi, na niliona picha ya vitanda vyetu vikitolewa nje.

Nikaenda mjini, ile soketi iliyoungua mfukoni. Duka la kwanza, mwenyewe aliigeuza juu ya kioo cha meza yake akaniuliza nimekuja kununua au kuzika. Duka la pili walikuwa na za matundu manne na za matundu manane, na muuzaji, alipoona miwani yangu na tai, akaniita Profesa na kunishauri nichukue wastani. Duka la tatu lilikuwa la mama mmoja mtulivu, ambaye peke yake ndiye aliyeifuta masizi na kuitazama kwa huruma. Alifungua kitabu cha vipuri, akaipata, akasema anaweza kuiagiza, lakini itafika mvua zikiwa zimeshakwisha. Nilimwambia aagize hata hivyo. Barabara nzima ya maduka ya vipuri niliimaliza namna hiyo, mpaka viatu vyangu vikawa na harufu ya grisi. Mwisho nilielekezwa kwa muuza vyuma chakavu ambaye watu walimwita Mrithi, kwa kuwa mashine yoyote ikifa yeye ndiye anayerithi. Huko nikapata soketi ya matundu sita, yenye ulimi.

Nilipokukabidhi uliipeleka kwenye mwanga, ukaniuliza kama ni nzima. Nikakwambia ni nzima, imetoka kwenye mashine inayofanya kazi. Ukaifunga. Haraka akazungusha ufunguo, Bi Mkubwa akanguruma, na watu wakapiga makofi uwanjani kana kwamba tumezaa. Wewe ulipanda ukashika gia. Ulikuwa na desturi hiyo: kila ukigusa umeme wa trekta, unalizima, unaliweka ndani ya gia, unazungusha ufunguo, unasikiliza ukimya. Nikakuambia ushuke, mawingu yale hayangojei mtu, jembe limeshafungwa nyuma, utajaribu jioni. Ulisita, mkono wako ukiwa bado juu ya gia. Kisha ukashuka, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wako, na tangu baba yetu afe hujawahi kunipinga mbele za watu.

Jioni trekta halikurudi. Msimu wote wa kupanda lililala hukohuko shambani, kwenye tambarare, ambako hakuna aliyehitaji kuliacha ndani ya gia. Lilipanda, lilimaliza, na mwenye shamba akanipa mkono.

Siku lililorudi, Haraka aliliegesha mahali pake pa zamani, kwenye mteremko. Asubuhi alikuja na kikombe chake. Akasimama chini, akapenyeza mkono, akazungusha ufunguo ili asikie kama kuna ukimya. Hakukuwa na ukimya. Sitaandika yaliyofuata. Uliyaona kutoka mlangoni mwa karakana, nami niliyaona kutoka dirishani mwa ofisi, na hakuna aliye hai anayehitaji kuyasoma. Trekta lilikwenda likabomoa ukuta wa ghala, ndipo likazimika.

Kwenye kikao mbele ya mwenye shamba hakuna aliyekuwa amekushtaki. Wewe mwenyewe ulisimama kabla ya kuulizwa. "Mimi ndiye niliyeifunga, na sikuijaribu," ulisema, kisha ukakaa. Hukutaja kwamba nilikuzuia. Nilisubiri ulitaje jambo hilo, nikiwa na majibu tayari, nawe hukulitaja, hata leo. Shemeji alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba mikono iliyomlea ndiyo iliyomzika. Tangu hapo, najua, anakupakulia chakula na kwenda kula jikoni peke yake.

Baada ya mazishi ulikuja na chekeche. Ukachuchumaa penye kifusi cha ule ukuta, ukaanza kuchekecha, tofali kwa tofali, vumbi kwa vumbi. Ulitaka kuipata soketi, kwa kuwa kwenye trekta zilibaki nyaya zilizokatika tu. Ulisema ukiifungua utaona ulikosea wapi, na mtu akijua alikosea wapi anaweza kulala. Nilikuonea huruma, nikavua koti, nikaliweka juu ya jiwe, nikachuchumaa kando yako. Tulichekecha mpaka jua likatuchoma shingo. Tulipata boliti, vioo vya taa, na kipande cha kikombe ambacho ulikifuta kwa shati lako. Soketi hatukuipata, ukaniambia asante kaka.

Haikuwa ndani ya kifusi, mdogo wangu. Ilikuwa kwenye lile koti, juu ya jiwe, mfuko wa ndani.

Sasa nimelisema. Ngoja nipumzike kidogo.

Nimerudi. Binti yangu ameniletea maji. Siku ile watu walipokuwa wamemwinua mtoto wanampeleka, wewe ukiwa umeanguka pale mlangoni na wenzako wamekushika, mimi nilikwenda kwenye trekta. Kila mtu alidhani naenda kufunga dizeli. Niliichomoa soketi kwa nguvu mpaka nyaya zikakatika, kusudi ionekane imevunjwa na ukuta. Nilikaa nayo mpaka siku ile ya chekeche. Jioni yake niliidumbukiza chooni.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua kilichomo ndani yake. Kule kwa Mrithi sikukuta soketi nzima. Nilikuta soketi iliyofanana na yetu kwa nje, lakini nyuma yake ilikuwa imejazwa gundi nyeusi, na chini ya gundi fundi fulani alikuwa ameunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kulipumbaza trekta ambalo swichi yake ilikuwa imekufa. Mrithi hakunificha. Alinishika mkono, akanionyesha kwa kucha, akasema:

"Profesa, hii itawasha, lakini haitauliza. Ndani ya gia, nje ya gia, kwake ni sawa. Mwambie fundi wako."

Nilimwambia nitakuambia. Njia nzima nilikuwa nikijiambia nitakuambia. Lakini nilijua ungeitupa, na kesho yake mwenye shamba angekuja tena. Ulipoiinua kwenye mwanga na kuniuliza, gundi ile ulidhani ni ya kuzuia maji, na mimi nikakwambia ni nzima. Kisha ukapanda kushika gia, nami nikaona kwamba ukizungusha ufunguo utasikia uongo wangu. Ndiyo sababu nilikushusha. Mawingu yalikuwepo, ni kweli, lakini sikukushusha kwa ajili ya mawingu.

Nilijipa ahadi kwamba ni ya msimu tu. Wakati wa kupanda nilijituliza kwamba huko tambarare hakuna hatari. Yule mama wa duka la tatu alinitumia habari kwamba soketi niliyoagiza imefika, nami nikasema nitaifuata wiki ijayo, kwa kuwa kuifuata kungekufanya uniulize ya nini tena. Na jioni ile Haraka aliporudi, niliyaona magurudumu yakisimama kwenye mteremko. Nilikuwa dirishani. Nilimsikia akizima injini na kuingiza gia. Niliijua asubuhi yake itakavyokuwa kama mtu anavyojua hesabu ambayo ameshaifanya. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu, kumwambia mwanangu kesho apande juu ndipo awashe. Lakini angeuliza kwa nini, na angekuuliza wewe. Nikajiambia nitawahi asubuhi kabla yake, maana yeye ni Haraka, huchelewa. Nikafunga dirisha. Siku ile moja katika maisha yake aliwahi: nilipofungua dirisha, mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Kwa hiyo ujue: ungeijaribu, ungeikuta. Hukuijaribu kwa sababu nilikuzuia nikijua. Mikono yako ilifunga ilichopewa, na iliyoipa ni mikono hii inayoandika. Umegawa vifaa vyako vyote. Majirani wakikuletea hata redio unawaambia hujui. Umekuwa mlinzi wa pampu ya maji, kazi ya kukaa, wewe ambaye ulikuwa unasikia kosa la injini kwa sikio kabla ya kufungua boneti. Hayo yote niliyatazama. Zaidi ya kuyatazama, nilikuja kwako kama mkubwa wa familia, nikaketi katikati yenu, nikamsihi shemeji akusamehe. Aliniuliza kama mimi ningeweza kumsamehe mtu aliyemuua mwanangu. Nikamjibu kwamba nimeshamsamehe. Unakumbuka ulilia? Ulidhani nakuzungumzia wewe.

Sina ushahidi wa kukupa. Mrithi amekufa, na sijui nani amemrithi. Una neno langu tu, neno la mtu aliyekudanganya, na hilo nalo ni sehemu ya adhabu yangu. Msamaha sikuombi. Nimeupokea kwako kwa miaka yote hii katika sura za kuku, asali, na barua za kuniuliza hali, na wewe hukujua unachonilipia. Kuuomba tena kungekuwa kula mara mbili.

Jambo moja lilinisumbua kuliko kuandika kwenyewe. Nakujua, mdogo wangu. Nakujua tangu ulipochapwa kwa kioo nilichovunja mimi na ukakaa kimya. Barua hii ingekufikia wewe kwanza, ungeisoma, ungekaa nayo kitako, kisha ungeichoma. Ungesema moyoni kwamba kaka anakufa, amepoteza akili, au hata kama ni kweli, ya nini kumwaibisha mtu aliye mlangoni mwa kaburi. Ungekuja kuniogesha na ungeendelea kula chakula chako peke yako mpaka ufe.

Ndiyo sababu sikuitia posta. Nampa binti yangu aibebe kwa mkono wake, naye ameshaisoma mpaka hapo juu. Tangu aisome hajaniita baba, ananihudumia tu. Nimemwagiza asikupe wewe. Amkabidhi shemeji, huko jikoni anakokula, amsomee neno kwa neno, asiruke lolote, na asitoke mpaka amemaliza. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, aliyekupa karatasi hii ni mke wako, na yeye tayari anajua.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Wale ambao hawatauliza tena baada ya leo, waache, wako sahihi. Mungu akupe usingizi.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja,
niliyekuwa msimamizi wa shamba.